Mwembe, mkungu, mpapai au mnazi: mti gani wa uani unafaa zaidi mtoto aufuatilie mwaka mzima?

Likizo ikikaribia wazazi tunaanza kuhangaika kutafuta cha kumtoa mtoto kwenye tivii na simu, na moja ya vitu vizuri sana na havina gharama ni kumpa mtoto daftari na mti mmoja wa hapo hapo nyumbani, aufuatilie, achore, aandike tarehe, aone unavyobadilika kuanzia masika mpaka kiangazi. Wengi wanaanza vizuri alafu ndani ya mwezi daftari liko chini ya kitanda, na watu wanasema aah mtoto mvivu, watoto wa siku hizi hawana subira. Mi sikubaliani kabisa. Mara nyingi shida iko kwenye mti waliompa. Ukimpa mtoto wa miaka sita mti ambao miezi mitatu mizima hauonyeshi kitu, ataandika nini? Ataandika "mti una majani" wiki ya kwanza, wiki ya pili "mti una majani", ya tatu anaacha, na mimi ningeacha pia.

Kwa hiyo hapa nalinganisha miti ambayo wengi wetu tunayo uani au kwa jirani, hasa huku pwani, Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, na nikifika mwisho nitasema kidogo kuhusu wa bara na wa milimani. Naangalia mambo mawili tu: mti unachukua muda gani kuonyesha badiliko ambalo jicho la mtoto linaliona, na hilo badiliko liko urefu gani kutoka chini, maana mtoto hawezi kuandika kuhusu ua lililoko mita kumi juu.

Kwanza misimu yetu

Hii lazima isemwe kabla ya yote. Vitabu vingi vya picha vya watoto vinavyouzwa mjini vimetoka nje, na humo mti una hali nne: maua, majani ya kijani, majani ya njano na mekundu, alafu theluji. Mtoto wa Temeke anasoma hiyo, anatoka nje Oktoba anaangalia mwarobaini wa kwao uko kijani vile vile, anahitimisha kwamba miti yetu haina misimu. Inaniuma sana hii maana sio kweli hata kidogo, miti yetu ina misimu mizito tu, ila inafuata mvua na upepo.

Kwa pwani andikeni kwenye kurasa ya kwanza ya daftari hivi: masika ni Machi mpaka Mei, mvua kubwa. Kipupwe Juni mpaka Agosti, kabaridi, usiku Dar joto linashuka mpaka nyuzi 19 hivi. Vuli Oktoba mpaka Desemba, mvua za kuja na kuondoka. Alafu kiangazi, Januari na Februari, joto mpaka unakosa usingizi. Na upepo, kusi unavuma kuanzia kama Aprili au Mei mpaka Septemba, kaskazi unaingia Novemba au Desemba mpaka Machi. Babu yeyote wa Kilwa au Lamu anaijua hii bila kuangalia kalenda. Kama uko Dodoma, Singida, Iringa au Mbeya kalenda yako ni nyingine, kwenu mvua ni msimu mmoja mrefu, Novemba au Desemba mpaka Aprili, alafu ukame mrefu, kwa hiyo tarehe nitakazotaja huko chini usizichukue kama zilivyo, na hiyo nayo ni raha, mtoto wa Dodoma na binamu yake wa Tanga wakilinganisha madaftari wataona tofauti wenyewe.

Mwembe na mkungu

Hii ndo mechi kubwa kwangu (mkungu hapa ni ule mti wa kungu, sio mkungu wa ndizi) maana ndo miti miwili ambayo pwani utaikosa kwa shida.

Mwembe kila mtu anaupendekeza kwanza, na naelewa kwa nini, kuna embe mwishoni. Ila ukiangalia mwaka wake ulivyo, una vipindi virefu vya ukimya na vipindi vifupi vya vurugu. Mwembe hauvui majani yote kwa pamoja, uko kijani mwaka mzima, kinachotokea ni kwamba unachipua kwa awamu, tawi hili leo, lile mwezi ujao. Majani machanga yanatoka na rangi ya kahawia inayoenda kwenye wekundu, mengine zambarau kabisa, laini, yamelegea yananing'inia kama hayana mfupa, alafu ndani ya wiki kadhaa yanakakamaa na kuwa kijani. Ukimwonyesha mtoto hiyo mara moja, hasahau, ila lazima umwonyeshe, peke yake hataiona.

Alafu kipupwe kinaingia na hapo ndo mwembe unaanza kazi. Usiku wenye ubaridi na ukavu baada ya masika ndio unaousukuma kutoa maua, kwa hiyo pwani mengi utayaona kuanzia Juni, Julai mpaka Agosti au Septemba, kutegemea na aina na mwaka wenyewe. Shada moja la maua ya mwembe lina maua mamia, mengine yanapita elfu, vidogo vidogo vya rangi ya maziwa na uwekundu kwa mbali, na ukisogeza pua utasikia harufu tamu nzito na utaona nzi wengi kuliko nyuki, maana nzi ndio wachavushaji wakubwa wa mwembe. Katika hayo mamia yote zinabaki embe moja, mbili, tatu, shada lingine halibaki hata moja. Hii ni hesabu nzuri sana kwa mtoto wa darasa la tatu kwenda juu: chagua shada moja la chini, funga uzi mwekundu kwenye kijiti chake, kila Jumamosi hesabu vilivyobaki. Mara ya kwanza hawezi kuhesabu yote, mwambie akadirie. Baada ya wiki chache vimebaki vijiembe saizi ya njegere, alafu saizi ya zabibu, vingine vinageuka njano na kudondoka ukigusa tu, na mtoto anauliza kwa nini mti unatupa watoto wake. Hilo swali kuna mtu mzima hajawahi kujiuliza.

Na mwembe una wageni. Majimoto, wale sisimizi wa mitini, wanashona majani yakiwa bado tawini kuwa nyumba, na ukikaa kwa utulivu (mbali kidogo, wanauma jamani) unaweza kuona wengine wanavuta kingo mbili za majani zikutane na wengine wameshika mabuu wao mdomoni wanawapitisha huku na huku, maana uzi mweupe unaoshona unatoka kwa mabuu. Hao hao majimoto ndio wakulima wa minazi na mikorosho wanawapenda kwa sababu wanafukuza wadudu waharibifu. Mtoto akichora hiyo nyumba hatua kwa hatua amepata kurasa nne bila kujua.

Ila sasa: kutoka ua mpaka embe kuiva ni miezi mitatu mpaka mitano. Na kuna miaka mwembe unagoma, mwaka huu umezaa sana, mwaka unaofuata unapumzika, hasa ile miembe mikubwa ya zamani. Mvua ikinyesha wakati wa maua yanakuwa meusi na kupukutika. Kwa mtoto mkubwa hayo yote ni habari ya kuandika, kwa mdogo ni msiba. Na ile miembe ya bibi, dodo au sindano ya miaka hamsini, maua yako juu huko huyafikii, labda uwe na mwembe wa kubebesha, hii ya kisasa mifupi, apple na kadhalika.

Mkungu ni kinyume chake karibu kwenye kila kitu, na watu wanaudharau kwa sababu haulipi. Una majani makubwa, upana wa sahani ya chai, na mti wenyewe unakua kwa ngazi, matawi yanatoka kwa duara usawa mmoja, alafu shina linapanda, duara lingine. Mtoto wa chekechea anaweza kuuchora na ukatambulika. Na ndio mti wetu wa pwani ambao unafanya kile walichoona kwenye vitabu vya nje, majani yanageuka mekundu kabisa kabla ya kudondoka. Yanaanza na doa la njano au la machungwa katikati ya mishipa, mshipa wenyewe ukibaki kijani, alafu linatanuka mpaka jani zima ni jekundu la damu, linadondoka kwa kishindo unalisikia. Mti unavua karibu majani yote, unakaa uchi muda mfupi tu, alafu machipukizi ya kijani kibichi yanatoka kwenye ncha za matawi, yote kwa pamoja.

Kinachonifurahisha zaidi, ukame ndio unaoleta hiyo, na miti mingine inavua mara mbili kwa mwaka, tena mikungu miwili ya mtaa mmoja inaweza isiende pamoja. Mmoja mwekundu, wa jirani kijani tupu. Kwa hiyo mtoto hapati jibu la kukariri, lazima atoke akaangalie. Mara ya kwanza mtoto akiukuta uchi atakuja mbio, "mama, mti wetu umekufa!", na wewe usimjibu, mwambie "sawa, andika tarehe uliyoona umekufa, kesho kutwa tukaangalie tena." Akija kuona machipukizi ameyagundua mwenyewe.

Kuna na kungu zenyewe. Popo wanazipenda, wanazichuma usiku wanaenda kuzila kwenye mti mwingine, kwa hiyo asubuhi unakuta kungu zimetafunwa chini ya mwembe ambapo hakuna mkungu hata karibu. Mtoto apige hesabu: zimefikaje? Na maganda yanaelea, ndio maana mti huu asili yake ni pwani za Asia na visiwa vya Pasifiki lakini umejaa fukwe zetu. Weka kungu kavu kwenye beseni la maji uone. Kuvunja kwa jiwe kula kiini hiyo sihitaji kufundisha mtu, ila jiwe na vidole vya mtoto wa miaka mitano, mkubwa awepo.

Kwa hiyo mwembe au mkungu? Mtoto chini ya miaka minane, mkungu, sina wasiwasi na hilo. Vitu vinabadilika haraka, vinadondoka chini miguuni pake, na jani lenyewe unalibandika kwenye daftari. Mtoto wa miaka tisa kwenda mbele anayependa kuhesabu na anaweza kusubiri, mwembe, maana una mambo mengi zaidi ndani yake. Kasoro ya mkungu ni usafi, ukiwa na mama mwenye nyumba anayetaka uwanja ufagiliwe kila saa mtagombana, na mizizi yake ni mikubwa usiupande karibu na ukuta.

Mpapai na mnazi

Mpapai nauweka kwa watu wawili, waliopanga nyumba na hawajui watakaa mpaka lini, na wenye watoto wasio na subira hata ya dakika mbili. Hakuna mti wa uani unaokimbia hivi. Ukipanda mbegu na ikakubali, maua unaweza kuyaona ndani ya miezi mitano au sita, na papai kuiva ndani ya miezi tisa mpaka kumi na mbili. Kila wiki kuna jani jipya kileleni, na jani la chini likizeeka linadondoka linaacha alama shinani, ile alama yenye umbo la moyo hivi, kwa hiyo shina lenyewe ni daftari tayari, mtoto anahesabu alama anajua majani mangapi yameshapita. Chukua futi ya fundi cherehani, pima urefu kila Jumapili, chora mstari kwenye grafu. Mtoto akijilinganisha na mpapai wake anashindwa ndani ya miezi michache, ataona mti umempita.

Na kuna fumbo ndani yake, mipapai mingine ni dume, maua yake madogo yananing'inia kwenye vikonyo virefu na kwa kawaida haizai, mingine jike, maua manene yamekaa karibu na shina, na mingine ina vyote kwenye ua moja. Mkipanda mitatu minne pamoja mtoto anakaa roho juu miezi mitano kujua yupi ni yupi. Hapo subira inakuja yenyewe.

Kasoro yake, na ni kubwa kama lengo lako ni misimu, mpapai haujali sana msimu. Ukipata maji unazaa mwaka mzima. Mtoto atajifunza kukua, hatajifunza sana masika na kiangazi, labda aandike tofauti ya kasi, wiki za mvua majani mangapi, wiki za ukame mangapi, hiyo inaonekana vizuri tu. Na utomvu wa papai bichi unawasha, aoshe mikono asijifute machoni.

Mnazi nao ni mti wa kipekee kabisa na sijui kwa nini watu hawaufikirii. Ukiangalia kwa haraka unaona kitu kilekile Januari mpaka Desemba. Lakini mnazi wenye afya unatoa karara moja (lile ganda linalofunika maua yake) kila mwezi au karibu na hapo, na nazi inachukua kama mwaka mzima kukomaa, maana yake ukisimama chini ya mnazi ukatazama juu unauona mwaka wote kwa pamoja: juu kabisa karara halijapasuka, lililofuata limepasuka upunga umetoka, chini yake vidaka, alafu vitale, alafu madafu, chini zaidi makoroma, na shada la chini kabisa nazi kavu zinazosubiri kudondoka. Ni ukoo mzima umekaa kwenye picha moja, kuanzia kitukuu mpaka bibi. Hakuna mti mwingine uani unaokupa hivyo. Mtoto akichora mnazi kwa safu, kila shada na umri wake, siku moja tu anaelewa kitu ambacho kwenye mwembe angesubiri miezi. Akiandika kiangazi kikali na vidaka vinavyopukutika baada yake, ameshaona jinsi ukavu wa leo unavyokula nazi za baadaye.

Shida mnaijua. Ni mrefu, na haifai mtoto akae chini yake anachora, nazi haina huruma wala kuti kavu. Kwa hiyo mnazi tu kama ni ile mifupi, au kama mna darubini ya mkononi au simu yenye zumu nzuri na mtoto anakaa pembeni, mbali na shina. Kama ni mnazi mrefu wa asili wa mita ishirini achana nao, au umfanye kuwa mti wa pili wa kuangalia mara moja kwa mwezi na babu yake ambaye anajua majina yote hayo bila kuulizwa.

Mingine kwa haraka

Mkrismasi, ule wa maua mekundu kama moto, ni mzuri sana kwa mtoto wa kati na unaendana na kalenda anayoijua. Kwenye ukavu kabla ya vuli unapukutika majani yanabaki makaka marefu meusi yanayogonganagongana kwenye upepo, mengine yanafika sentimita 60, alafu Novemba na Desemba mti unalipuka. Mtoto aokote ua zima alifungue: petali tano, nne nyekundu na moja imesimama ina michirizi myeupe na njano. Asili yake Madagaska. Kasoro ni mizizi inayopasua sakafu na ukuta, na kwamba sehemu kubwa ya mwaka tukio ni moja.

Mwarobaini naupenda kwa kivuli na kwa mambo mengine arobaini ila kwa daftari la mtoto mdogo hapana. Uko kijani muda mwingi sana, maua madogo meupe yenye harufu ya asali yako juu, huyaoni mpaka yamwagike chini. Kama ndo mti pekee mlio nao basi badilisha swali, msiandike mti, andikeni nani anakuja kwenye mti, ndege gani, saa ngapi, anakula nini, zile tunda za njano zikiiva utaona wageni.

Walioko Kilimanjaro, Njombe, Rungwe au kule Murang'a Kenya, mmekaa juu ya hazina, mparachichi. Ua la mparachichi linafunguka mara mbili, mara ya kwanza likiwa jike, linafunga, alafu siku ya pili linafunguka likiwa dume. Na aina zinapishana, Hass ni jike asubuhi na dume mchana wa kesho yake, Fuerte ni jike mchana na dume asubuhi inayofuata. Mtoto akifunga uzi kwenye maua kumi akayaangalia asubuhi na jioni kwa siku mbili ataliona hilo kwa macho yake, na kama uani kuna aina mbili ataelewa kwa nini baba anasema mti mmoja peke yake hauzai vizuri. Huo ni utafiti kamili. Nairobi na Arusha mna jakaranda, unavua majani kwenye ukavu alafu kuanzia kama Septemba barabara inakuwa zambarau, mti unachanua kabla majani hayajarudi vizuri, rahisi sana kwa mtoto kuandika "leo maua ya kwanza".

Daftari, au simu, au vyote

Kuna wazazi wanasema mtoto apige picha tu kila wiki inatosha, kuna wengine wanataka kuchora tu. Nimeona njia zote mbili zikitumika na mimi niko upande wa kuchora, na sio kwa sababu ya mambo ya zamani. Mtoto anayechora jani lazima aangalie mishipa imetokea wapi, inapishana au inatoka pamoja, ukingo umenyooka au una meno. Anayepiga picha anabonyeza anaondoka. Ila picha ina kazi moja ambayo mchoro hauwezi, nayo ni mti mzima kutoka sehemu ileile. Weka jiwe au piga alama ya rangi chini, mtoto asimame hapo hapo kila mwanzo wa mwezi, apige moja. Mwisho wa mwaka picha kumi na mbili ukizipanga zinaongea. Kwa hiyo kuchora kila wiki, picha kila mwezi, basi.

Daftari gani? Lile la kuchorea lisilo na mistari ni zuri ila karatasi nyingi ni nyepesi na jani likibandikwa linatoboa, kaunta buku ni gumu na linadumu mwaka ila mistari inasumbua wanaochora. Kwa mtoto anayejua kuandika chukua kaunta buku, ukurasa wa kulia kuandika, wa kushoto bandika karatasi nyeupe ya kuchorea. Kwa asiyejua kuandika daftari la kuchorea, wewe unaandika anachosema, neno kwa neno, usimrekebishe. Majani yakaushwe kwanza katikati ya magazeti chini ya godoro wiki nzima, ukibandika bichi linaoza, na huku pwani na unyevu huu ukungu unakula kurasa mpaka za jirani.

Kila siku au kila wiki? Kila wiki, siku ileile. Kila siku inageuka adhabu. Isipokuwa zile siku za vurugu, machipukizi ya mkungu au maua ya mwembe yanapofunguka, hapo mwache aende hata mara mbili kwa siku akitaka.

Kila anapoandika yawepo haya hata kama hana la kusema: tarehe, mvua imenyesha wiki hii au hapana, upepo unatoka upande gani, na jambo moja jipya. Mvua apime mwenyewe. Kata chupa ya maji shingo, weka kokoto na maji chini mpaka yafunike zile kona za kitako, chora mstari hapo ndo sifuri, alafu rula inasoma milimita kwenda juu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa Masika na wa Vuli kabla ya msimu kuanza, mkiusoma pamoja alafu mtoto akalinganisha na chupa yake ya uani ni somo zuri kuliko lolote nitakaloweza kumpa mimi.

Tarehe nasisitiza sana kuliko uzuri wa mchoro. Kule Norfolk Uingereza bwana Robert Marsham alianza mwaka 1736 kuandika tarehe ambayo majani ya kwanza yanatokea shambani kwake, familia yake ikaendelea kizazi kwa kizazi mpaka 1958, na leo wanasayansi wanatumia daftari lile. Mji wa Kyoto Japani wana tarehe za maua ya mcheri tangu karne ya 9, na ndizo zilizowaonyesha kwamba mwaka 2021 maua yalifika kileleni mapema kuliko wakati wowote kwa zaidi ya miaka 1,000. Hakuna aliyekuwa na mashine, ni watu walioandika tarehe. Sasa wakulima wetu wanasema maua ya miembe siku hizi yanakuja ovyo ovyo, na nawaamini, lakini nani ana daftari?

Na kama hamna uani

Wengi tunakaa kwenye nyumba za kupanga, uwanja wote sementi. Mti sio lazima uwe wako. Mti wa msikitini, wa kanisani, wa shule, wa stendi ya bodaboda, kinachotakiwa ni uwe njiani mnapopita kila wiki bila kupanga safari. Omba ruhusa kwa mwenyewe, mtoto akaombe mwenyewe kwa heshima, "shikamoo, naomba nifuatilie mti wenu," uone kama kuna mtu atakataa. Mpapai kwenye ndoo kubwa ya rangi iliyotobolewa chini nao unawezekana, hautazaa sana ila utakua vya kutosha kuandikwa.

Waanze lini

Mwembe, anza Mei, masika yanapoisha, ili mtoto alione tawi likiwa tawi tu la kawaida kabla ya maua, akianza Agosti amekuta sherehe katikati. Mkungu anza wiki yoyote, ila mkiona majani yana madoa ya njano anzeni leo hii hii. Mpapai panda Machi mvua za kwanza zikishalowesha ardhi vizuri, usipande kwenye maji yanayotuama maana mizizi yake inaoza haraka. Mnazi mwezi wowote, siku ya kwanza tu mtoto ana kurasa nzima ya kuchora. Mkrismasi, Septemba, ukiwa bado na makaka makavu, na mwambie akadirie ua la kwanza litatoka tarehe ngapi, aandike nyuma ya daftari, alafu mkunje hiyo kurasa mpaka litoke.